Damu Isiyotaka Barafu

Kama umewekewa figo la mtu mwingine, na unaishi mahali ambapo damu yako hupanda ndege mara nyingi kuliko wewe mwenyewe, haya nimeyaandika kwa ajili yako.

Naitwa Poni. Nina miaka kumi na saba. Ninakaa Gurei, pembeni mwa Juba, Sudan Kusini, na Mama, mdogo wangu Keji, na Mjomba Wani ambaye ndiye mwenye nyumba. Baba anafanya kazi Torit na huja mwisho wa mwezi. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nilikuwa yule ambaye akiulizwa swali anatazama dawati mpaka mwalimu achoke amwulize mwingine. Lakini kuandika naweza, na wakati wa kuumwa niliandika karibu kila siku. Dawa zilinitetemesha mikono, kwa hiyo kuna kurasa ambazo hata mimi mwenyewe sizisomi. Hapa nimetumia zile zinazosomeka.

Mwanzo wake sitauvuta sana. Nilivimba miguu, halafu macho. Mama alidhani nalala kupita kiasi. Kufika Nairobi tukaambiwa mafigo yote mawili yamechoka, na nikawa mtu wa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, miezi minane, kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani. Nilijua majina ya watoto wa kila aliyekaa karibu nami, na wao walijua jina langu tu. Mmoja wao, mzee kutoka Machakos, kila nikifika alisema, "Bubu wetu amekuja," na mimi nilitabasamu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kisha Mama akanipa figo lake.

Ninachokumbuka vizuri siyo upasuaji. Ni sauti ya Mama asubuhi iliyofuata, kutoka upande wa pili wa pazia, bado ana usingizi wa dawa, akimwuliza nesi, "Amekojoa?"

"Amekojoa mpaka tumebadilisha mfuko mara mbili, Mama."

Mama akalia. Sikujua mtu anaweza kulia kwa furaha kwa sababu ya mkojo.

Tuliporudi Juba kulikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Dawa za kuzuia mwili usilikatae figo zilikuwa zimenijaza mashavu mpaka macho yamekuwa madogo. Keji alikuja kutupokea uwanja wa ndege na Mjomba. Alinitazama muda mrefu.

"Poni, umemeza chapati nzima nzima?"

Mama alitaka kumpiga. Mimi nilicheka, ndipo na yeye akanikumbatia, kwa upande, kwa sababu alikuwa ameambiwa asiniguse tumbo.

Hapo nilifikiri nimemaliza. Ukweli ni kwamba figo lilikuwa limekuja na mgeni ndani yake.

Nilikuwa na kidonge kimoja cha kuzuia virusi, nikakimeza miezi sita, kikasimamishwa. Mvua za kwanza zilipoanza nilipata homa na kuharisha, homa ile ambayo hata shuka linakuuma. Tukarudi Nairobi. Nikawekewa dripu wiki mbili na nusu. Daktari wangu, mama mmoja mfupi anayevaa viatu vya kukimbilia, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akatueleza. Kuna kirusi ambacho watu wengi huambukizwa utotoni bila hata kujua, na kinakaa mwilini kimelala maisha yote. Mama alikuwa nacho. Mimi sikuwahi kukipata. Figo lilipohama kutoka kwake kuja kwangu, nacho kilihama.

Mama alinitazama. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilimpa figo na ugonjwa pamoja."

"Ulimpa figo," daktari alisema. "Hicho kingine karibu kila mtu hapo nje kwenye korido anacho."

Lakini Mama hakusikia sehemu ya pili. Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila nikiguna kidogo, alishika shati lake pale penye kovu. Nilimwona na sikujua la kusema. Sasa najua ningeweza kusema chochote tu.

Nikarudi Juba na vidonge vya kile kirusi. Vilikuwa vinafanya kazi, lakini vilishusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na kila kitu kingine. Ilikuwa kama kumfunga mwizi kwa kamba na kumfunga mlinzi pia. Kwa hiyo nikafungiwa ndani. Shule hapana. Kanisa hapana. Sokoni hapana. Mtu akikohoa kwenye uzio wa jirani, Mama alifunga dirisha. Kitu pekee kilichonitoa nje ni kutolewa damu kila Jumatano, kwenye kliniki moja ndogo mtaa wa Hai Amarat, nyuma ya hoteli.

Nikuambie kuhusu kukaa pale, kwa sababu utakaa mahali kama hapo. Kuna viti vya plastiki vya bluu, na feni moja inayotazama ukuta. Chagua kiti cha mlangoni, hewa inapita. Usitazame saa. Nenda na maji yako. Akija mtu mwenye mtoto mwenye mafua, simama utoke nje bila kueleza. Mimi ilinichukua miezi miwili kujifunza kwamba siyo tusi.

Aliyenitoa damu ni Sista Akello, Mganda wa Lira, mnene, mwenye mikono myepesi kuliko wote nilioguswa nao.

"Wewe msichana iko na mishipa ya kujificha," alikuwa akisema, akinipapasa mkono. "Kama mwenyewe yake."

Mwezi wa nane baada ya ile homa, daktari akatuita Nairobi kwa siku mbili akatuambia anataka kuacha vile vidonge. Lakini kwanza alitaka kujua jambo moja: je, mwili wangu umejifunza kukitambua kile kirusi wenyewe? Kama umejifunza, vidonge vinaachwa, chembe nyeupe zinapanda, narudi shule Juba muhula unaofuata. Kama haujajifunza, itabidi nihamie Nairobi karibu na hospitali, niangaliwe kila wiki, labda mwaka mzima, labda zaidi. Mama angelazimika kuacha kazi yake ya kufundisha chekechea. Keji angepelekwa Torit kwa Baba. Nyumba yetu ingekuwa mahali pawili tena, kama wakati wa kusafishwa damu.

Kipimo hakikuweza kufanywa siku ile, chembe nyeupe zilikuwa chini mno; akapunguza vidonge kidogo, zikahitaji wiki tatu kupanda. Kwa hiyo tukapewa vichupa vitatu vidogo twende navyo Juba, nitolewe damu huko, na damu ifike Nairobi siku hiyohiyo kabla ya jioni.

Mama alikuwa ameenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa. Nilikuwa peke yangu na daktari. Akavipanga vichupa mezani.

"Hiki cha kwanza kina vipande vya kile kirusi, vipande tu, haviwezi kukuumiza. Tunaangalia kama chembe zako zikikutana navyo zitashtuka. Hiki cha pili hakina kitu. Na hiki cha tatu kina dawa ya kushtua chembe yoyote iliyo hai. Hiki lazima kijibu. Kikinyamaza, basi hatujui lolote. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Chembe lazima zifike zikiwa hai, Poni. Usiweke kwenye friji. Usiweke barafu. Joto la kawaida la chumba. Imeandikwa hapa kwenye karatasi, lakini karatasi watu hawasomi. Wewe ndiye unajua sasa. Sawa?"

Nikaitikia kwa kichwa tena.

Wewe ndiye unajua sasa. Jioni ile niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Nilijiona mtu muhimu.

*

Sasa lazima nimweleze Mjomba Wani, ili usimhukumu.

Mama alikulia Nakuru na Mjomba alikulia Arua, kwa sababu vita viliwakuta watoto na kila mmoja alikimbia na shangazi tofauti. Ndiyo maana Mama anaongea Kiswahili cha Kenya, na Mjomba anaongea chake, Kiswahili cha Uganda kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba. Anafanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo uwanja wa ndege. Miaka kumi na moja. Samaki, nyama, chanjo, maua ya harusi, vyote vimepita mikononi mwake, na anajivunia kwamba hakuna kitu kilichowahi kuozea kwake. Kwenye joto la Juba hiyo siyo sifa ndogo. Ana sanduku lake la baridi la rangi ya chungwa, ameandika WANI kila upande, na hakuna anayeruhusiwa kulikalia.

Siku ya damu tulienda Amarat saa moja asubuhi, Mama, Mjomba na mimi. Sista Akello alijaza vichupa, akavitikisa polepole kama karatasi ilivyosema.

"Mimi najua ya malaria, najua ya tayfodi," alisema. "Hii yako sijaona. Pelekeni haraka."

Mjomba akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Joto ya kawaida ya chumba." Akanitazama, akamtazama Mama. "Chumba ya nani? Ya Nairobi ama ya Gurei?"

Mama akacheka. "Wani, hebu."

"Hapana, nauliza. Chumba yangu saa saba mchana ni arobaini. Hii damu itapikwa. Itafika kule imekuwa supu." Alikuwa tayari ameshafungua sanduku la chungwa, na ndani kulikuwa na barafu mpya, imevunjwa vizuri, imefunikwa kwa kitambaa safi. Alikuwa ameamka alfajiri kuitafuta. "Hiyo karatasi imeandikwa na mtu hajawahi kufika Juba. Mimi nabeba chanjo za watoto wa nchi hii. Ya bineya, binti yangu, usiogope. Damu yako iko kwa mkono ya mjomba yako."

Sista Akello akasema, "Kweli, joto iko mbaya."

Mama akasema, "Asante, ndugu yangu."

Nami nilikuwa nimesimama hapo na pamba mkononi. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa matatu tu: Mjomba, siyo barafu. Niliyahisi mdomoni. Lakini alikuwa anavifunga vile vichupa kwa kitambaa kama mtu anavyomfunika mtoto mchanga, na uso wake ulikuwa na furaha sana, na kulikuwa na wagonjwa wanatutazama kutoka viti vya bluu, na mimi ni mimi.

Akafunga kifuniko. Khalas, imekwisha.

Rafiki wa Mama wa kanisani, aliyekuwa anasafiri asubuhi ile, alibeba sanduku pamoja na barua ya kliniki, na Shangazi, dada yake Baba, akalipokea Nairobi na kulifikisha maabara. Shangazi alipiga simu: "Imefika salama! Baridi kabisa!" Mjomba alipiga makofi. Alituletea soda.

*

Majibu yalikuja baada ya siku tano. Daktari alipiga simu mwenyewe, Mama akaweka spika, simu juu ya meza ya kulia.

"Mama Poni, vichupa vyote vitatu vimenyamaza. Hata kile cha tatu. Ama damu iliharibika njiani, ama dawa zimeuzima mwili wake kiasi kwamba hauitikii chochote. Ilisafirishwa vizuri?"

"Vizuri sana, daktari. Ndugu yangu mwenyewe aliishughulikia. Huyo hakosei."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande ule. "Na joto? Mlifuata karatasi?"

"Tuliisoma yote," Mama alisema. Na ni kweli, ilisomwa yote.

Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ile simu.

"Basi inanitia wasiwasi," daktari akasema. "Asiache vidonge. Anzeni kujipanga mje. Mwisho wa mwezi huu, ikiwezekana."

Nataka kuwa mkweli hapa, maana kuna watu watasoma hili na wao wamewahi kunyamaza. Sikunyamaza kwa aibu tu. Aibu ilikuwa nusu. Nusu nyingine niliiandika siku ile, na mwandiko ni mbaya lakini unasomeka: *Nikisema, watapima tena. Wakipima tena vizuri na damu ikanyamaza, basi ni mimi. Sasa hivi inaweza kuwa barafu.* Niliishika ile barafu kama tumaini. Maadamu hakuna aliyejua, ningeweza kuamini kwamba mwili wangu umejifunza, ila haukusikika.

Wiki ile nyumba ilianza kupungua. Mama aliandika barua ya kuacha kazi, akaiacha juu ya kabati siku tatu bila kuipeleka. Keji alitoa nguo zake zote kitandani akaanza kuchagua za Torit, halafu akazirudisha zote, halafu akazitoa tena. Baba alipiga simu kila jioni akauliza maswali yaleyale. Mama na Mjomba waligombana, sauti za chini, jikoni, kuhusu nani atabaki na nini. Nilimsikia Mama akisema, "Labda ni figo langu. Labda mwili wake haunitaki." Mjomba akamwambia, "Wacha hiyo maneno, ya Mary, dada yangu. Wacha kabisa."

Jumatano nilienda Amarat. Sista Akello alinitafuta mshipa mara ya kwanza, akakosa. Akaketi.

"Leo mwili yako imekaza kama mbao. Nini mbaya?"

Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu alikuwa ameshika mkono wangu na hatazami uso. Nilimwambia. Nilisema yote, vichupa, daktari, barafu, spika ya simu. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana ikabidi ainame.

Aliweka sindano chini. "Hata mimi nilisema joto iko mbaya," akasema. "Nilisaidia hiyo barafu kwa mdomo yangu." Akafunga mpira mkononi mwangu upya. "Sasa wewe sema kwao."

"Si uwaambie wewe, Sista? Watakusikiliza."

"Hapana. Mimi nitaomba daktari vichupa vingine, hiyo iko kazi yangu. Hii nyingine hapana." Sindano iliingia bila maumivu. "Unajua kwa nini mimi napenda kutoa wewe damu? Hupigi kelele. Lakini nyabo, binti, kuna siku ya kupiga kelele."

Nilipofika nyumbani, Mjomba alikuwa amekaa uani akiosha lile sanduku, ambalo rafiki wa Mama alikuwa amelirudisha. Mama alikuwa anaanua nguo. Nilisimama mbele yao. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, kisha nikaona nikiwapa karatasi nitakuwa bado sijasema, nikaikunja.

"Mjomba. Haikutakiwa barafu."

Akainua kichwa. "Nini?"

"Damu. Daktari aliniambia isiwekwe barafu, chembe zinakufa. Aliniambia mimi peke yangu. Nilijua. Nilikuona ukiweka na sikusema. Na daktari alipouliza kwenye simu pia nilijua."

Mama aliacha kuanua. Shuka lilikuwa nusu kwenye kamba.

"Ulijua?" Mama akasema. "Poni, ulijua, na mimi nimeandika barua ya kuacha kazi?"

"Ndio, Mama."

"Na umeniacha nikifikiri ni figo langu?"

Hilo ndilo lililoniuma. Nilianza kulia bila sauti, na Mama, ambaye hunikumbatia kila nikilia, safari hii hakunikumbatia. Aliingia ndani na mlango ukafungwa, siyo kwa nguvu, lakini ukafungwa.

Mjomba alibaki anatazama sanduku lake. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye herufi za jina lake.

"Kwa hiyo mimi ndiyo niliua damu yako," akasema.

"Tuliua wote wawili, Mjomba."

Nilifikiri atakasirika. Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja. "Miaka kumi na moja," akasema. "Hakuna kitu imekufa kwa mkono yangu. Ya kwanza kufa, ni damu ya mtoto ya dada yangu. Na nilikuwa na raha hivi!" Akatikisa kichwa, na kulikuwa na kicheko fulani ndani yake, kicheko kibaya. "Malesh, nisamehe, ya bineya. Malesh."

Kisha, akimwaga maji yaliyobaki sandukuni: "Hiyo joto ya chumba. Ni ngapi kwa namba?"

"Nimetafuta kwenye simu. Ishirini na mbili mpaka ishirini na tano."

"Ya salaam! Hiyo ni chumba ya nani?"

Hapo nilicheka huku nalia, na pua ikanitoka, ni aibu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama alitoka baada ya kama nusu saa. Alikuwa ameosha uso. Alikaa karibu nami kwenye ngazi, akachukua mkono wangu akauweka juu ya shati lake, juu ya kovu, na kuushikilia pale. Barua ya kuacha kazi aliichana kesho yake, na hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuuliza.

*

Vichupa vipya vilichukua siku tisa kufika. Siku hizo Mjomba alizitumia kufanya majaribio. Ungemwona. Aliazima kipimajoto cha samaki kazini. Sanduku tupu, aliliacha uani saa sita: thelathini na nane. Sanduku lenye barafu kidogo: kumi na moja. Sanduku lenye kitambaa kilicholoweshwa: thelathini na moja. Keji alikuwa karani, anaandika namba ukutani kwa chaki. Jioni ya nne Mjomba alikuwa anakunywa maji ya mtungi, ule mtungi wa udongo uliokaa kwenye kona ya baraza, akasimama na kikombe mdomoni. Akachovya kipimajoto ndani ya mtungi.

"Keji! Soma."

"Ishirini na nne."

"Soma tena."

"Mjomba, ni ishirini na nne! Macho yangu ni mazuri!"

Alijaza chupa sita za plastiki kwa maji ya mtungi, akazipanga kuzunguka ndani ya sanduku, kipimajoto katikati, akafunga, akaketi juu yake. Ndiyo, juu yake, yeye mwenyewe. Baada ya muda wa saa nne lilikuwa bado ishirini na tano.

Safari ya pili nilitolewa damu kabla jua halijapanda. Sista Akello alivishika vichupa mkononi mwake mpaka Mjomba alipofungua kifuniko. Daktari, ambaye Mama alikuwa amemwambia kila kitu kwa simu, alitaka nisafiri nayo. Kwa hiyo nilikaa kwenye ndege na sanduku la chungwa miguuni, Mama kando yangu. Kila nusu saa nilifungua kidogo kutazama kipimajoto. Mhudumu aliuliza tumebeba nini.

"Damu yangu," nikasema. "Haitaki barafu."

Mama aligeuka dirishani, nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Kisha tukasubiri. Siku sita kwa Shangazi, Nairobi kukiwa na ile baridi ndogo ya asubuhi ambayo Juba hatuijui. Kuhusu siku hizo sina la kukufundisha. Kusubiri majibu hakuzoeleki. Niliandika kidogo sana. Siku ya tatu kuna mstari mmoja tu: *Nimekunywa chai vikombe vinne.* Nilikuwa nimeshapoteza ile barafu ya kujificha nyuma yake, na ajabu ni kwamba nililala. Lolote litakalosemwa lingekuwa langu.

Siku ya sita tuliitwa. Daktari alianza na kichupa cha tatu, kwa sababu alikuwa ametuona tunavyokaa.

"Cha tatu kimejibu kwa nguvu. Damu ilifika hai. Mwambieni huyo mjomba wenu."

Mama alikuwa ameshika kidole changu kidogo, siyo mkono, kidole tu.

"Na cha kwanza," daktari akasema, "kimejibu pia. Siyo kwa nguvu sana. Lakini kimejibu, juu ya kiwango tunachotaka. Mwili wako unakijua kile kirusi, Poni. Vidonge tunaacha. Damu kila wiki kwa miezi mitatu, huko huko Juba. Kirusi kikiinuka hata kidogo, tunaongea. Una swali?"

Nilikuwa nalo. "Shule?"

"Muhula unaofuata. Na barakoa mwanzoni."

Kabla ya kufika korido Mama alikuwa ameshampigia Mjomba. Nilimsikia kutoka mita mbili akipiga kelele kwenye kelele za uwanja wa ndege, akiwaambia watu ambao hatuwajui kwamba ishirini na nne! Ishirini na nne!

Nilirudi darasani mvua zilipoanza tena. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu kwa miaka miwili, na mashavu yalikuwa hayajaisha kushuka. Msichana niliyeketi naye, wa kwao Yei, aliniuliza siku ya pili kwa nini nameza dawa saa mbili kamili, nikamwambia. Akauliza kama kovu ni kubwa. Nikamwambia. Akasema, "Basi sawa," akaomba rula.

Wiki ya tano nilipata mafua. Ya kawaida, kutoka kwake, alikuwa amekohoa juma zima. Koo likaniwasha, pua ikaziba, nikapata joto kidogo. Mama alimpigia daktari dakika ileile, akaambiwa apime joto asubuhi na jioni, anipe maji, na likipita thelathini na nane tuje. Akaketi kwenye mkeka kando ya kitanda na kipimajoto kama askari. Keji alitolewa chumbani. Mjomba alitembea kwa vidole. Siku ya kwanza thelathini na saba na nusu. Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikashuka.

Siku ya nne niliamka na njaa. Mama alikuwa bado kwenye mkeka, amelala ameketi, kipimajoto mkononi. Nilimtazama kidogo, halafu nikashuka kitandani polepole nisimwamshe, nikaenda jikoni kuchemsha chai, kama mtu yeyote aliyekuwa na mafua na yamekwisha.